Nani Anasimulia Gemu?

Kipupwe cha Mbeya hakina huruma. Ikifika Juni na Julai, jua likishatua tu, baridi hushuka hadi chini ya nyuzi 10, na watoto wa Iyunga ambao kutwa nzima walikuwa wakifukuzana na mpira wa makaratasi, kati ya barabara kuu ya Tunduma na reli ya TAZARA, huingia ndani kabla ya giza. Shule zimefungwa, waliokuwa bweni wamerudi, na simu iliyopigwa marufuku shuleni iko mezani. Hapo ndipo simu ya mama inapoanza kupita mkono hadi mkono.

Kinachofuata kinajulikana katika nyumba nyingi. Watoto watatu hujifunika blanketi moja, vichwa vimegusana juu ya kioo. Katika kidirisha kidogo pembeni ya kioo anaonekana kijana aliyevaa hedifoni. Sehemu yote iliyobaki ni ushoroba wa kiwanda kilichotelekezwa, giza totoro, na mwisho wa ushoroba amesimama mdoli wa buluu mwenye mikono mirefu. Mdoli anaanza kukimbia. Kijana anapiga ukelele, watoto nao wanapiga ukelele kisha wanaangua kicheko, isipokuwa mdogo kabisa, wa miaka minne, ambaye amefumba macho. Mama, anayechochea mkaa nje ya mlango, anauliza wanaangalia nini. "Gemu tu, mama," hujibu mkubwa.

Jibu hilo ni la kweli, ila halimwambii mama chochote. Halimwambii gemu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa umri gani, yule kijana anasema nini kwa Kiingereza chake cha haraka, anatafuta nini kwa watazamaji wake, wala ni video gani itajifungua yenyewe hii ikiisha. Hayo yote yanaweza kujulikana, hata kwa mzazi ambaye hajawahi kushika pedi maishani mwake. Sura hii inahusu namna ya kuyajua.

Benchi la banda la gemu

Wapo wazazi wanaoshangaa kwamba mtoto anaweza kukaa saa nzima akimtazama mtu mwingine akicheza. Wakikumbuka banda la gemu la mtaani kwao hawatashangaa tena. Tangu PlayStation zilipoingia mitaani, kila banda limekuwa na watoto wawili walioshika pedi na wengine kadhaa kwenye benchi nyuma yao, mfukoni hamna kitu, wakishauri, wakizomea na kujifunza. YouTube, iliyoanzishwa 2005, imelirefusha benchi hilo likazunguka dunia.

Na ni benchi lenye watu. Desemba 2021 YouTube ilitangaza kwamba video zinazohusu gemu moja tu, Minecraft, zilikuwa zimetazamwa mara trilioni moja. Mwaka 2014 kampuni ya Amazon ilitoa dola milioni 970 kuinunua Twitch, mtandao wa kuonyesha watu wakicheza gemu laivu, uliokuwa na umri wa miaka mitatu tu. Felix Kjellberg, kijana wa Sweden anayejulikana kama PewDiePie, alijijengea jina kwa kucheza gemu mbele ya kamera, na Agosti 2019 akawa mtu binafsi wa kwanza kufikisha wafuasi milioni 100 YouTube.

Faida zipo, na mzazi anayeanza kwa kuzikataa zote atakuwa anapigana vita asivyohitaji. Mtoto anayemtazama fundi wa Minecraft akijenga daraja tofali kwa tofali anajifunza kupanga kazi. Anaokota Kiingereza ambacho darasani hakijamfikia. Anapata cha kuzungumza na wenzake. Mwingereza Joseph Garrett, kwa jina la Stampy, alitengeneza kwa miaka mingi video za Minecraft zilizopendwa sana na watoto wa shule za msingi: sauti ya uchangamfu, kicheko kingi, bila tusi. Video za namna hiyo zipo nyingi. Kazi ni kuzitenganisha na nyingine, kwa sababu kwenye kioo zote hukaa pamoja na picha zao za nje hufanana.

Alama ya umri inaishia wapi

Gemu zenyewe zina wapimaji. Marekani ina bodi iitwayo ESRB tangu 1994. Ulaya ina PEGI tangu 2003, ambayo hutoa alama tano za umri: 3, 7, 12, 16 na 18. Mzazi akiandika kwenye Google jina la gemu na neno PEGI, alama hutokea papo hapo. Hiyo ni hatua ya kwanza, haina gharama zaidi ya megabaiti chache, na wazazi wengi hawaijui.

Lakini alama hiyo ilipewa gemu. Video ni kitu kingine, na mifano mitatu inatosha kuonyesha jinsi viwili hivyo vinavyoachana.

Wa kwanza ni Grand Theft Auto V, iliyotoka Septemba 2013 na kupewa 18. Ndani yake kuna wizi, mauaji, ukahaba, hata tukio la mchezaji kumtesa mtu kwa zana. Hata hivyo YouTube imejaa video zilizotengenezwa ndani ya gemu hiyohiyo zikimwonyesha Spider-Man na wenzake wakiendesha pikipiki juu ya njia ndefu za rangi zinazoning'inia angani. Hakuna damu, hakuna tusi, kuna muziki wa kitoto. Mtoto wa miaka sita akiitazama hiyo peke yake hadhuriki. Shida huja kesho yake, anapojifunza kuandika herufi tatu za jina la gemu kwenye kisanduku cha kutafutia, na majibu yanayomjia hayana Spider-Man.

Wa pili ni kinyume chake. Yule mdoli wa buluu anaitwa Huggy Wuggy, na anatoka katika Poppy Playtime, gemu ya kutisha iliyoanza kutoka Oktoba 2021. Hadithi yake inahusu kiwanda cha midoli ambacho wafanyakazi wake walitoweka. Huggy Wuggy ana manyoya laini, midomo mikubwa na tabasamu, na midoli ya sura yake imeuzwa kwa watoto wadogo dunia nzima. Tabasamu hilo likifunguka yanaonekana meno kama ya msumeno. Mwaka 2022 polisi na shule kadhaa za Uingereza zilitoa tahadhari kwa wazazi baada ya video zake kuwafikia watoto wa chekechea. Kwa sura, ni kitu cha mtoto. Kwa kusudi la waliokitengeneza, kazi yake ni kutisha.

Wa tatu ni Minecraft, ambayo PEGI waliipa 7. Ulimwengu wake ni wa mchemraba, kondoo wake ni wa mchemraba, hata jua lake ni la pembe nne. Mtu mzima anayepita nyuma ya mtoto akiona hayo anaendelea na shughuli zake. Ila ndani ya ulimwengu huohuo mpole anaweza kuwemo mchezaji anayetukana kila baada ya sentensi mbili na kuwadhalilisha wenzake anaocheza nao. Alama ya 7 haikumpima yeye.

Somo la Lufufu

Mtanzania ana nyenzo ya kuyaelewa haya ambayo mzazi wa London hana. Alikulia katika vibanda vya video, na huko alijifunza kwamba filamu moja inaweza kuwa filamu mbili kutegemea nani ameshika maiki.

Miaka ya 2000 jina lililotamba lilikuwa Lufufu, yaani Derek Mukandala, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Hakuwa akifasiri maneno ya waigizaji peke yake. Aliigiza sauti zao, alieleza kinachokuja, alimhukumu mhusika mbaya, alichomeka mambo ya nyumbani. Hata Titanic aliipitia, na waliomsikia walitoka na hadithi yenye ladha yake. DJ wengine wakafuata, kila mmoja na mtindo wake, na wateja wakawa wanaomba mkanda kwa jina la msimulizi kabla ya jina la filamu. Na wazazi wa wakati ule walijua DJ gani anafaa kusikilizwa sebuleni bibi akiwepo, na yupi ni wa kibandani.

Anayecheza gemu YouTube anafanya kazi ileile. Picha ni za kampuni, sauti ni yake, na sauti ndiyo inayomwambia mtoto achukulieje anachokiona. Mtu akianguka kwenye gemu, msimulizi mmoja atasema "pole, tujaribu tena," mwingine atamcheka kwa kumwita mjinga, na wa tatu atageuza anguko hilo kuwa dhihaka kuhusu wanawake au kabila la watu. Februari 2017 PewDiePie, aliyekuwa ameshapita wafuasi milioni 50, wengi wao vijana wadogo, aliachwa na kampuni ya Disney iliyokuwa mshirika wake, baada ya gazeti la Wall Street Journal kuonyesha kwamba baadhi ya video zake zilikuwa na mizaha ya chuki dhidi ya Wayahudi. Mzazi aliyekuwa amekagua majina ya gemu asingeligundua hilo. Aliyekaa na kusikiliza angeligundua.

Lugha inaleta ugumu wake. Video nyingi ni za Kiingereza, na mama au bibi wa Iyunga huenda asifuate neno hata moja. Lakini ukali wa sauti hauhitaji kamusi. Kelele zisizokoma, kicheko cha kumdhalilisha mtu, milio ya kustusha iliyopandishwa makusudi: hayo husikika kwa lugha yoyote. Na ipo njia bora zaidi, nayo ni kumgeuza mtoto awe DJ. "Njoo hapa, mwanangu, hebu nisimulie, huyu anasema nini? Huyu mbaya kafanya nini? Kwa nini wanacheka?" Mtoto akisimulia kwa furaha na mpangilio, mzazi anapata picha ya video na picha ya akili ya mtoto kwa pamoja. Akiruka sehemu, akipunguza sauti ya simu au kusema "basi tu, bibi," hapo pana jambo la kutazama.

Anauza nini?

Mtengenezaji wa video hali upepo. Ili YouTube imgawie sehemu ya pesa za matangazo, kanuni iliyowekwa Januari 2018 ilimtaka afikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Hakuna ubaya katika kujipatia riziki. Lakini kadiri pesa inavyotokana na muda wa kutazamwa, ndivyo kelele, mshtuko na ahadi ya "subiri uone mwishoni" vinavyoongezeka, na mtoto ndiye mtazamaji mwepesi kuliko wote kuvutwa.

Juu ya matangazo kuna biashara nyingine, na hapa kisa cha mwaka 2016 kinapaswa kujulikana na kila mzazi. Trevor Martin wa Marekani na Thomas Cassell wa Uingereza walikuwa maarufu kwa video za gemu. Kwenye YouTube walijionyesha wakishinda maelfu ya dola katika tovuti iitwayo CSGO Lotto, ambako wachezaji wa Counter-Strike waliwekeana dau kwa silaha za mapambo za ndani ya gemu. Walichonyamazia ni kwamba tovuti ilikuwa mali yao. Septemba 2017 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ilimaliza shauri dhidi yao kwa makubaliano yaliyowabana kutangaza wazi uhusiano wa namna hiyo. Watazamaji wao wengi walikuwa wavulana wadogo walioona kaka wanayempenda akishinda pesa kwa dakika chache.

Kisa hicho kina ndugu zake huku. Video za kindege, ile Aviator ya kampuni ya Spribe iliyoanza 2019, hupita kwenye TikTok na YouTube zikiwa na sura ya gemu: kindege kinapaa, namba zinapanda, kijana anashangilia kwa Kiswahili safi na kudai ana siri ya kutabiri kitakapokatika. Mtoto wa darasa la tano haoni tofauti kati ya hicho na gemu yoyote ya simu. Tofauti ni kubwa mno. Kindege ni kamari, na sheria ya Tanzania ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 haimruhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari. Wengine wameshachukua hatua: Ubelgiji iliamua 2018 kwamba visanduku vya bahati vinavyouzwa ndani ya gemu ni kamari, na Twitch ilizuia Oktoba 2022 maonyesho ya tovuti kadhaa za kamari zisizo na leseni zilizotambuliwa. Kwa mzazi kigezo ni chepesi. Video ikimwonyesha mtu akifurahia pesa iliyopatikana kwa bahati, video hiyo haimfai mtoto, hata ikiwa imepakwa rangi zote za upinde wa mvua.

Mauzo ndani ya gemu nayo ni ya kuangaliwa. Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa jumla ya dola milioni 520 nchini Marekani: milioni 275 kwa kuvunja sheria ya faragha ya watoto, na milioni 245 kwa kupanga vitufe kwa namna iliyowafanya wachezaji wanunue vitu bila kukusudia. Mtoto anayeshinda akitazama video za watu wakifungua zawadi na kuvalisha wahusika nguo mpya atataka naye anunue. Simu yenye akaunti ya malipo ya mzazi isiachwe bila nywila.

Video inayofuata

Mzazi anaweza kuchagua video moja nzuri na bado akashindwa, kwa sababu ile ya pili haichagui yeye. Neal Mohan, aliyekuwa mkuu wa bidhaa wa YouTube na baadaye mkurugenzi wake mkuu, alieleza Januari 2018 kwamba zaidi ya asilimia 70 ya muda wa kutazama YouTube hutokana na video ambazo mtambo wenyewe unapendekeza.

Miezi miwili kabla ya hapo dunia ilikuwa imeona mtambo huo unakoweza kumpeleka mtoto. Novemba 2017 gazeti la New York Times, na siku mbili baadaye mwandishi Mwingereza James Bridle, walifichua wingi wa video zilizovaa sura za wahusika wa watoto. Humo Peppa Pig wa bandia alionekana akinywa jiki, na wahusika wengine wakiteswa au kutishwa. Baadhi zilikuwa zimepenya hadi YouTube Kids, programu iliyozinduliwa Februari 2015 ili iwe salama. YouTube ilifunga chaneli zaidi ya 50 na kuondoa maelfu ya video. Mtoto hakuwa ameandika neno lolote baya. Alianza na katuni halali na kuacha kidole kipumzike.

Ndiyo maana swichi ya kuzuia video kujifungua zenyewe ni ya kuzimwa kabla simu haijamfikia mtoto, na ile ya kuchuja maudhui ya watu wazima, iliyomo katika mipangilio ya YouTube, ni ya kuwashwa. Hakuna chujio linalokamata kila kitu. Kwa familia nyingi za Iyunga ipo njia yenye nguvu zaidi, na inatokana na uhaba wa bando. Video zilizopakuliwa mapema, au zilizowekwa kwenye memori kadi na flashi, hazina jirani. Mtoto akizimaliza zinaisha. Muvi na katuni zimekuwa zikipakiwa hivyo mtaani kwa miaka mingi, na anayelipia ana haki ya kusema anataka nini na kukagua alichopewa.

Wanaozungumza pembeni

Video iliyorekodiwa humalizika na mtoto akaendelea na maisha. Matangazo ya laivu, na gemu zenye gumzo ndani yake kama Free Fire na Roblox, hufungua mlango wa watu. Maneno hupita pembeni ya kioo kwa kasi, na yeyote anaweza kuwa ameyaandika. Februari 2019 YouTube ililazimika kufunga sehemu ya komenti katika mamilioni ya video zinazoonyesha watoto, baada ya kubainika kwamba watu wenye nia chafu walizitumia kuwasiliana.

Hapa Tanzania tishio hilo limeshapimwa. Utafiti wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF, ambao ripoti yake kuhusu Tanzania ilitoka 2022, ulikuta kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikumbwa na unyonyaji au ukatili wa kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja. Ukilinganisha na idadi ya watoto nchini, hao ni takribani 200,000. Mtu anayemwomba mtoto picha, namba ya simu au wahamie WhatsApp "tuzungumze vizuri" ni sababu tosha ya kufunga gumzo siku hiyohiyo, kuhifadhi ushahidi na kumwambia mtoto kwamba hakukosea kusema. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto.

Uvumi unaoharibu kazi

Hofu nayo inaweza kumpotosha mzazi. Mei 2017 bodi ya kuainisha filamu ya Kenya, KFCB, ilitangaza kupiga marufuku gemu iitwayo Blue Whale baada ya taarifa za kifo cha kijana mmoja Nairobi. Tatizo ni kwamba hapakuwa na gemu ya kuiondoa dukani. Jina hilo lilikuwa la uvumi uliotoka Urusi na kukua kila ulipopita. Februari 2019 ikaja Momo, sura ya mwanamke mwenye macho makubwa, iliyodaiwa kujitokeza katikati ya video za watoto na kuwaamrisha wajidhuru. YouTube ilisema haikupata ushahidi wa video hizo. Sura yenyewe ilitoka katika sanamu ya msanii wa Japani, Keisuke Aiso.

Madhara ya visa hivyo yalikuwa halisi. Wazazi walioogopa waliwaonyesha watoto picha ya Momo ili kuwaonya, na watoto ambao hawakuwa wamewahi kuiona wakakosa usingizi. Ujumbe uliosambazwa mara nyingi kwenye kundi la WhatsApp la shule ukaguliwe kwanza na mtu mzima peke yake, kimyakimya, kabla haujageuka mazungumzo ya mezani.

Sheria iko wapi

Tanzania ina Bodi ya Filamu, iliyo chini ya sheria ya mwaka 1976, na kazi yake mojawapo ni kukagua filamu na kuzipanga kwa madaraja ya umri kabla hazijaonyeshwa hadharani. Sheria hiyo ni ya zamani kuliko YouTube kwa miaka 29, na bodi hiyo haiwezi kukaa na kila kijana anayerekodi gemu chumbani kwake Texas au Manila. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020, zinazosimamiwa na TCRA, zinawabana watoa maudhui wawakinge watoto na yasiyowafaa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18, na inampa mzazi wajibu wa kumlinda dhidi ya ukatili na hatari za kimwili na kimaadili.

Mataifa makubwa nayo yanahangaika. Septemba 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi, na tangu Januari 2020 kila mtengenezaji anatakiwa kutamka kama video yake ni ya watoto. Anayetamka ni yeye mwenyewe. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu 10 Desemba 2025 walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa, YouTube ikiwemo, ingawa bado wanaweza kutazama video bila akaunti. Kwa hiyo hata kwenye sheria kali kuliko zote, kumtazamia mtoto kunabaki kuwa kazi ya aliye karibu naye.

Dakika kumi za kukaa naye

Kazi hiyo haihitaji siku nzima. Mzazi akae na mtoto dakika kumi, asinyang'anye simu, atazame video kwa mpangilio huu: mwanzo, katikati kwa kurukia, na mwisho, kwa kuwa maudhui mazito mara nyingi hufichwa baada ya dakika za kwanza. Atafute jina la gemu na alama yake. Asikilize msimulizi. Aangalie kama kuna kinachouzwa. Aone video tano zinazopendekezwa chini yake. Asome komenti kadhaa. Kisha amtazame mtoto mwenyewe, maana mtoto ni kipimo pia. Yule wa miaka minne aliyefumba macho ameshatoa hukumu yake, na kama usiku anakataa kwenda chooni peke yake, kaka zake hawana haki ya kuiita hiyo woga.

Umri una uzito wake. Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, na wa chini ya miaka miwili asiwekwe kabisa. Kwa umri huo video za gemu hazina cha kumpa. Akili and Me na Ubongo Kids, za shirika la Ubongo la Dar es Salaam lililoanzishwa 2013, zina hesabu, herufi na nyimbo kwa Kiswahili anachokielewa. Kuanzia miaka saba, video za kujenga, za mafumbo na za mpira zenye msimulizi mstaarabu zinafaa, mtu mzima akiwa karibu kiasi cha kusikia. Wa miaka 12 na zaidi anahitaji mazungumzo kuliko kufuli, kwa sababu banda la gemu liko mtaa wa pili na simu ya rafiki yake haina kufuli.

Video ikionekana haifai, sababu itajwe. "Huyu anawatukana wenzake, sitaki umsikilize" inamfundisha mtoto kigezo atakachokitumia mahali ambapo mzazi hayupo. Na mazungumzo hayo yamhusishe dada au kaka mkubwa, aliye kidato cha pili au cha tatu, ambaye katika nyumba nyingi ndiye anayeshika simu, anayejua Kiingereza na anayechagua kitakachotazamwa chini ya lile blanketi mama akiwa jikoni. Wachache sana wamewahi kuambiwa kwamba uchaguzi huo ni dhamana waliyopewa. Likizo inapoanza, kabla bando halijanunuliwa, aitwe, akabidhiwe maswali haya moja baada ya jingine, na aandae orodha ya chaneli tano ambazo wadogo zake wanaweza kutazama. Orodha hiyo ipitiwe naye tena shule zinapokaribia kufunguliwa.